Kaburi Katikati ya Vitalu vya Ngano

Namshukuru Mungu, mwenye mvua na mwenye jua, aliyenitoa kwa wazazi wangu nikiwa kijana, akanifikisha uzeeni katika nchi nisimozaliwa, na hakuninyima chakula wala watu wa kuniita ndugu yao. Yeye asifiwe kwanza, ndipo nisimulie. Vijana wa kanisani kwetu hapa Katesh wameniomba niandike jinsi kazi ya utafiti wa ngano ilivyofanyika enzi za mashamba ya serikali, na jinsi Mkenya alivyoingia katika kazi hiyo. Nitaandika ninachokumbuka, na nilichosahau Mungu anakijua.

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nimepanda lori la mbolea. Nilikuwa nimetoka Mau Narok, nyanda za juu za Kenya, ambako nilifundishwa kukagua magonjwa ya ngano. Nilidhani nimeyaona mashamba makubwa hadi lori lilipoteremka kwenye tambarare ya Hanang. Ngano ilikuwa imevunwa, na mabua yalienea mpaka macho yakachoka. Mlima tu ndio uliokuwa na umbo, umesimama peke yake, kichwa chake ndani ya mawingu.

Mlangoni mwa ghala nilimkuta mtunza stoo, mama mtu mzima aliyejifunga kitenge. Nikamwambia, "Habari ya asubuhi, mama. Nipe ufunguo wa chumba changu." Kwetu hiyo ilikuwa adabu ya kutosha. Mama akanitazama, kisha akaendelea kukagua magunia yake kana kwamba ni upepo uliopita. Pembeni alikuwepo dereva wa trekta, amekaa juu ya tairi bovu, akicheka.

"Kaka," akaniambia, "huku mtu mzima hapewi habari, anapewa shikamoo. Na ufunguo haupewi, unaombwa. Anza tena."

Nikaanza tena. Mama akaitikia marahaba, akanipa ufunguo, na jioni akaniletea maziwa ya mgando na ugali. Dereva yule alikuwa Paulo, Mwiraqw wa Nambis, kule juu Mbulu. Ndiye aliyekuwa mwalimu wangu wa pili baada ya ngano yenyewe.

Sasa niwaeleze kazi. Mkuu wa Utafiti wa kituo chetu alikuwa na aina nyingi za mbegu alizotaka kuzilinganisha: ipi inazaa zaidi, ipi inastahimili kutu. Kutu ni ugonjwa unaotoa unga mwekundu kwenye shina na majani, na ukikuganda kidoleni unafanana kabisa na kutu ya bati. Hatukupanda mbegu hizo ovyo. Tulipima vitalu, yaani vipande vidogo vya shamba vinavyolingana, na kila aina ya mbegu ilirudiwa katika vitalu kadhaa vilivyo mbalimbali, ambavyo tulivipanga kwa kura. Sababu ni kwamba udongo haufanani. Ukipanda mbegu moja mahali penye rutuba na nyingine penye changarawe, utasifu mbegu kumbe unasifu udongo. Kwa hiyo jambo la kwanza kwa mtafiti ni kupata ardhi iliyo sawasawa, na jambo la pili ni kupanga vigingi vyake kwa mistari iliyonyooka.

Nilikuwa kwenye kipindi cha majaribio ya kazi, na kibali changu cha kuishi nchini kilitegemea Mkuu aridhike nami. Alinipa eneo jipya upande wa Gehandu nilipange kabla ya mvua za kupandia. Lilikuwa zuri, sawa kama meza, isipokuwa karibu na katikati palikuwa na kilima kidogo cha udongo, kirefu kuliko mtu, kimeota nyasi. Nikakichukulia kama kichuguu cha zamani. Ilikuwa sehemu pekee iliyoinuka, basi nikapanda juu yake niangalie kama vigingi vyangu vimenyooka.

Nilipogeuka nilimwona mzee wa Kidatoga amesimama chini, amejifunga shuka, ameegemea fimbo ndefu, na ng'ombe wake wako nyuma yake. Hakupaza sauti. Alikuwa akinitazama miguu. Nikateremka, nikamwamkia shikamoo, na kwa hilo namshukuru mama wa stoo mpaka leo. Mzee akaitikia.

Kiswahili chake kilikuwa kidogo, ila Paulo alikijua Kidatoga, kwa sababu watu wa Mbulu na Wadatoga wameoana na kugombana kwa miaka mingi na kila mmoja anaijua lugha ya matusi ya mwenzake. Paulo alizima trekta akaja, na hawakukosa kuchokozana. Alimwuliza mzee kama ng'ombe wale wote ni wake au wengine bado wana alama ya Nambis. Mzee akamjibu kwamba ng'ombe wa Nambis hawana nguvu ya kutembea mpaka huku. Wote wawili wakacheka kidogo, kisha mzee akaacha kucheka akanyoosha fimbo kwenye kilima.

"Huyo ni baba," alisema kwa Kiswahili, ili nimsikie mwenyewe.

Paulo akanifafanulia. Mzee aliitwa Gidamara. Kwao, baba mwenye heshima akifa hazikwi akasahauliwa. Majirani na koo hukusanyika, na kwa miezi mingi huongeza udongo na miti juu ya kaburi, kidogo kidogo, mpaka liwe kilima kinachoonekana kwa mbali. Watoto wa marehemu huimba juu yake. Baada ya hapo familia huweza kuhama na ng'ombe wao, lakini hurudi mahali pale kumkumbuka. Nikatazama vigingi vyangu. Kilima kile kilikuwa katikati ya vitalu, na kwenye ramani ya Mkuu kilikuwa kimeandikiwa neno moja: kusawazishwa.

Nilisali juu ya jambo hilo, kwa sababu sikujua kama lilinihusu. Nilikuwa mgeni, tena Mkristo, na makaburi ya namna ile sikuyazoea. Lakini kila nilipopiga magoti nilikumbuka kwamba ni amri ya Mungu kumheshimu baba, na sikukumbuka mahali alipoongeza kwamba awe baba wa madhehebu gani.

Asubuhi nikaenda ofisini. Mkuu wa Utafiti alikuwa Mtanzania aliyesomea ng'ambo, mtu mkavu, mwenye haki, anayechukia maelezo marefu. Nikamwambia tukizungusha ramani nzima kidogo, kile kilima kitaangukia kwenye njia kati ya vitalu, mahali ambapo hatupandi kitu. Vitalu vyote vitabaki kwenye udongo sawa. Kukisawazisha ndiko kutakakoharibu utafiti, kwa kuwa udongo wake utatapakaa kwenye vitalu vya jirani.

Alinitazama juu ya miwani. "Hiyo ni sababu ya udongo. Sababu yenyewe ni ipi?"

Nikamwambia kwamba ni kaburi la baba wa mzee mmoja wa Kidatoga.

Akasema mzee yule si wa kwanza kulalamika, na kwamba Meneja wa Shamba hataki kusikia habari ya makaburi, kwa sababu akilizunguka moja ataulizwa ya mengine. "Lakini vitalu ni vyangu, si vya Meneja. Zungusha ramani yako. Vigingi viwe vimehamishwa kabla mashine ya kupandia haijafika. Na umwambie mzee wako: ng'ombe mmoja akiingia kwenye vitalu, nitapitisha trekta pale pale, na wewe utapanda basi la Arusha urudi kwenu."

Nilimpelekea mzee maneno hayo kama yalivyo, Paulo akitafsiri. Nilitegemea atakasirika kuwekewa sharti juu ya kaburi la baba yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akatema mate pembeni kama wanavyofanya wanapobariki, akamuuliza Paulo kitu.

"Anauliza," Paulo akasema, "huyo bosi wako, ana ng'ombe?"

Nikasema hana.

"Basi hajui ameomba nini," mzee akasema.

Nami sikujua, mpaka mvua zilipokatika mapema mwaka ule. Ngano ilikuwa bado ya kijani, nyasi za tambarare zote zimekuwa rangi ya mchanga, na malisho mazuri ya zamani ya Wadatoga yalikuwa yamekwisha kuwa shamba. Ng'ombe wa watu wengine waliingia kwenye ngano ya serikali, walinzi wakawakamata, kukawa na fujo. Kila asubuhi nilikwenda kwenye vitalu nikitafuta kwato. Nilikuwa nakadiria kutu, kazi ya kuinama shina kwa shina na kutaja ni sehemu gani ya shina imeliwa, lakini macho yangu yalikuwa chini kwenye udongo.

Sikuona kwato. Siku moja Paulo akanieleza sababu. Mzee Gidamara alikuwa ameondoa kundi lake lote kutoka upande wa Gehandu, akalipeleka mbali, kuelekea Ziwa Balangida, kwenye malisho duni yenye magadi. Ndama walikufa njiani. Angeweza kulichunga karibu na kulilinda, kama wengine walivyojaribu, lakini alisema ng'ombe mwenye njaa hasikii fimbo, naye hakutaka baba yake alipie njaa ya ng'ombe.

Tulivuna vitalu vyote vikiwa kamili. Mkuu akanithibitisha kazini. Nilipomweleza habari za wale ndama, alivua miwani akaifuta muda mrefu. Na tulipohamisha utafiti mahali pengine, kama ilivyo desturi ya vitalu, na eneo lile likarudi mikononi mwa Meneja, ni yeye aliyekwenda kuzungumza naye. Sijui walisemeshana nini. Najua kwamba Paulo alipopangiwa kulima pale, aliambiwa apite kando ya kile kilima, na Paulo, ambaye baba zake na baba za mzee walinyang'anyana ng'ombe tangu zamani, alipinda jembe lake vizuri kuliko alivyoambiwa. Msimu uliofuata alipinda tena. Alipohamishwa, dereva mwingine alikuta mistari imepinda akaifuata.

Si makaburi yote yaliyopona. Nitakuwa mwongo nikiwaacha mdhani hivyo. Mengine yalilimwa, na wenyewe wakahama na uchungu ambao sina haki ya kuusema kwa niaba yao.

Ilikuwa katika miaka ile ambapo mpaka wa nchi zetu mbili ulifungwa. Baba yangu alifariki Mau Narok, nami nikapata habari akiwa amekwisha kuzikwa. Hapakuwa na njia ya kwenda. Wakristo wenzangu walikuja kuimba na kuomba, mama wa stoo akapika, na Paulo akalala kwangu. Ndipo Mzee Gidamara akaja kwa miguu kutoka kule Balangida alikohamia na ng'ombe wake. Alikaa nje. Kesho yake akaniambia twende.

Tulitembea kati ya ngano changa mpaka kwenye kilima. Aliniuliza baba yangu alikuwa nani. Nikamwambia jina lake, na kwamba alikuwa mfugaji wa kondoo na mzee wa kanisa. Mzee akainama, akachota udongo kwa mikono miwili, akauweka ubavuni mwa kaburi la baba yake, akaugandamiza kwa kiganja. Akataja jina la baba yangu. Alilitamka vibaya, nami sikumsahihisha. Paulo aliniambia baadaye kwamba hiyo si desturi yao, kwamba hakuwahi kuona Mdatoga akimfanyia hivyo mtu wa nje. Mimi nilivua kofia, nikasali sala ya Bwana, na mzee akasubiri nimalize.

Nilifanya kazi kwenye ngano mpaka nilipostaafu. Mpaka ulifunguliwa, nikaenda nikaliona kaburi la baba yangu kule Mau, limejengewa vizuri kwa saruji, nikarudi. Mke wangu ni wa Nambis na watoto wetu ni wa hapa. Mashamba ya serikali yaliisha, matrekta yakaoza, ardhi ikagawanywa, na eneo lile la vitalu sasa ni la watu wanaolima mahindi na alizeti. Mkuu, Paulo na Mzee Gidamara wote wametangulia. Mwaka jana mwanangu alinipeleka kwa pikipiki. Kijana mwenye shamba alinisalimu shikamoo, nikamuuliza kwa nini mistari yake ya mahindi inapinda pale katikati. Akasema ndivyo alivyoikuta, na kwamba kuna wazee wa Kidatoga huja mara kwa mara kukaa pale, naye huwapa maji.

Nikamwomba maji na mimi, nikakaa.

Wewe uliyesoma hadi hapa, uwe umezaliwa hapa au umeletwa na kazi kama mimi, Mungu akupe mvua kwa wakati wake. Akupe wakubwa wanaosikia sababu ya pili baada ya ile ya kwanza, na majirani watakaolitaja jina la baba yako hata kama hawawezi kulitamka. Amina.