Kila Siku Niliyomchelewesha Mfilisi

Jumapili, mwishoni mwa Novemba. Joto lilibana tangu asubuhi, alasiri mvua ikashuka, ya kwanza ya maana mwaka huu. Hadi sasa inapiga bati la jiko letu, na mke wangu ananisemesha kwa mikono.

Bati hilo ndilo limenifanya niandike. Nilikosea, ndugu wasomaji. Sijui kama niite wizi. Nimepima huku na huku, jina lake sijalipata.

Mimi ni mkulima wa tumbaku, darasa la saba, kijiji cha mwendo wa baiskeli kutoka Kawajense, huku Mpanda. Nilikuwa mtunza ghala wa chama chetu cha ushirika. Chama kilikufa kwa madeni kabla hatujalipwa tumbaku yetu. Kilichobaki ni ghala, mizani na mashine ya kusaga. Tukaambiwa anakuja mfilisi kutoka mbali, aviuze vyote, awagawie wanaodai.

Sisi tulijua mtu kama huyo analipwa na serikali. Nikamwambia mwenyekiti, "Tumcheleweshe. Akikaa, mashine inaendelea kutusagia. Gharama si zetu."

Mwenyekiti akacheka. "Wewe una akili za sungura!" Nilitembea na sifa hiyo kijiji kizima.

Basi tukamchelewesha kwa heshima. Akitaka kuhesabu mali, tunamwambia mwenye ufunguo wa ghala kaenda msibani Karema. Akitaka kuwahi treni, "Bwana Mfilisi, utaondokaje na kuku ameshachinjwa?" Alilala kwangu, chumba cha mbele, na kila wiki alinilipa chumba na chakula.

Jioni moja alikuwa anamega ugali, akaniambia, "Mzee, nyie mna ukarimu wa ajabu. Hamjasikia sheria imebadilika? Siku hizi serikali hainilipi. Posho yangu, chumba hiki, vyote vinatoka kwenye mali ya chama, kabla anayedai hajapewa senti. Kuku huyu mmefuga wenyewe, na mnamlipia wenyewe."

Nilicheka naye. Nikamwongezea mchuzi.

Sitaki kumsingizia. Hakuwa mwizi. Alisema ukweli bila kuulizwa, na kesho yake akaulizia tena ufunguo. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nikamjibu matanga bado hayajaanuliwa.

Kwa nini? Fedha yake ya chumba ndiyo niliyonunulia bati za jiko, na nilikuwa nimebakiza kidogo tu nizikamilishe. Tena nilimwogopa mwenyekiti. Ningemwambiaje kwamba zile akili za sungura zinatumaliza? Nikasema nitamwambia wiki ijayo. Ikafika, nikasogeza mbele.

Hata mke wangu aliuliza. "Baba watoto, huyu mgeni haondoki?"

"Ana kazi."

"Kazi gani, mbona anashinda anacheza bao?"

Nikamwambia akaangalie mboga isiungue.

Mwishowe nikautoa ufunguo, mali ikauzwa. Mfilisi alituita, akasoma hesabu mbele ya wote: kwanza gharama zake na siku alizokaa, kisha benki, kisha sisi. Ilipofika zamu yetu yalikuwa yamebaki makombo.

Jirani yangu Mama Stela ni mjane. Alikuwa anangoja fedha ya tumbaku ya marehemu mume wake ili Stela aende sekondari, maana mtoto alichaguliwa. Alipewa ya kununulia sabuni. Akanifuata pale pale.

"Shemeji, wewe ulikaa naye nyumba moja. Hakukwambia kitu?"

"Hakuniambia," nikasema.

Neno hilo ndilo linanitesa kuliko ufunguo. Labda hata angeondoka mapema fedha isingetosha, benki ilidai nyingi. Labda ingetosha. Siwezi kujua, na nisijifiche kwenye hiyo labda. Siku zile zingine tulizila kwa kutojua, wote. Za baada ya jioni ile nilizila mimi nikijua.

Stela sasa anauza karanga stesheni, treni inapoingia Mpanda. Akiniona ananiamkia kwa adabu, ananiongezea karanga nisizolipia.

Nyie mnaosoma, chama chenu kikifilisiwa, ulizeni siku ya kwanza, mkutanoni, kila mtu asikie: huyu analipwa na nani? Msikae na mazoea ya zamani kama tulivyokaa sisi. Na wewe utakayeambiwa jibu peke yako, usilale nalo. Mimi nililala nalo usiku mmoja, wa pili ukawa rahisi. Mama Stela bado sijamwambia. Nimeanza na nyie kwa sababu hamnijui, na hilo nalo ni woga.

Jioni hii tumekula ugali na migebuka, samaki wa ziwani, wa kukausha. Mama Stela na mwanae walikuja kula nasi, nyumba yao ya nyasi inavuja. Mama Stela aliinua macho, akaisikiliza mvua.

"Shemeji, jiko lako kavu kabisa," akasema.

Nikamsogezea samaki wangu.