App ilisema kasi yangu inaisha, kumbe nilikuwa nakimbia na mke wangu

Wakuu, salaam. Mimi humu ni wa kusoma tu na kupita. Lakini juzi kuna member aliuliza kama yale makadirio ya app za kukimbia ni ya kuaminika, nikaona wacha nitoe yangu. Siongezi chumvi.

Niko Voi, nafanya wiring ya nyumba. Nilianza kukimbia baada ya daktari kuniambia pressure inapanda. Nikaweka app kwa simu.

Kwa wasiojua: ukishakimbia wiki kadhaa, app inaanza kukutabiria. Inaangalia mbio zako za karibuni, umbali na pace, yaani kasi yako, halafu inakuambia ukiingia race ya kilomita kumi leo, utamaliza kwa dakika kadha.

Yangu ilifika dakika 49. Wakuu, nilikuwa naifungua hata nikiwa juu ya ngazi kazini.

Halafu mama mkwe akafariki, huko juu Mgange. Mke wangu Wakesho ndiye mtoto wake wa pekee. Tulizika, tukarudi Voi, na Wakesho akanyamaza. Kupika anapika, kazi anaenda, lakini ukimwongelesha ni "eeh" tu. Chai yake inapoa mezani.

Asubuhi moja nafunga kamba za viatu, nikamwona amesimama mlangoni na raba.

"Naweza kuja?"

Tukaenda barabara ya kuelekea Sagalla. Tulingoja kuwe kweupe kwanza, maana huku ukikimbia gizani unaweza kukutana na ndovu. Tulitembea zaidi kuliko kukimbia. Kesho yake akaja tena, na siku zilizofuata.

App ikaanza kubadilika. 49 ikawa 52, ikawa 55.

Simu yangu haipimi mapigo ya moyo, ni GPS tu. Kwa hivyo haijui kama umeenda polepole kwa kupenda ama umechoka. Inaona pace imeshuka, inaamua huyu mzee ameisha.

Rafiki yangu Mwadime, ambaye pia hukimbia, akanishauri: hizo za mke wako save kama walk, app haitazihesabu. Ushauri mzuri kabisa.

Lakini siku hiyo Wakesho alikuwa amekimbia kutoka darajani hadi dukani bila kusimama. Anahema, ameshika kiuno, uso umefunguka kidogo. Nilishindwa kuandika walk. Nika-save kama run.

Jioni akaiona simu. "Baba Mghoi, mbona hii namba inapanda?" (Mghoi ni binti yetu, yuko boarding.)

Nikamweleza vile inafanya kazi. Asubuhi akabaki kitandani.

"Leo huji?"

"Enda tu. Mimi nakuharibia."

Nikaketi kando ya kitanda, nikavua viatu. "Basi leo hakuna mtu anaenda."

Akaanza kulia, kilio ambacho hata matangani sikukisikia.

"Mama alikuwa ananipigia saa hii kila siku. Nikibaki nyumbani najikuta nangoja simu."

Wakuu, nilikuwa sijui. Nilidhani anakuja kwa mazoezi.

Tulivaa viatu tukaenda, jua likiwa limeshatoka. Siku hiyo aliongea njia nzima. Vile mama yake alikuwa anapanda juu ya jiwe nyuma ya zizi ndio apate network, akimaliza anasahau fimbo yake huko juu, anaita jirani amshushie. Nilicheka, naye akacheka huku machozi yanatoka.

Mwezi uliopita kulikuwa na mbio za hisani hapa Voi, kilomita kumi. App ilikuwa imefika 58. Tukaingia wote wawili, na mimi nilipanga kukaa naye hadi mwisho.

Hata hatujaenda mbali, akanisukuma begani. "Kimbia yako."

Nikakimbia. Nilimaliza na dakika 53. Mbele ya 58 ya sasa, nyuma ya 49 ya zamani. Jua lilikuwa kali na kuna kakilima kanakosumbua, na hayo app haikuniuliza.

Nikachukua chupa ya maji, nikarudi nyuma kumtafuta. Nikampata anakuja na mama mmoja wa Kasigau ambaye hata jina hakuwa anamjua. Wanakimbia polepole, wanacheka. Wakesho anacheka kichwa kimerudi nyuma, wakuu.

Nikageuka niende nao. Akachukua maji, akanywa, akampa mwenzake.

"Tangulia Baba Mghoi. Sisi tuko na story."

Nikatangulia. Nilikuwa nafuta macho kama mtoto.

Nilichojifunza: app inakadiria kwa kile umeipa tu. Ukitaka namba ya karibu na ukweli, mara moja moja kimbia peke yako kwa nguvu, pahali tambarare. Lakini mtu wako wa nyumbani akiuliza kama anaweza kuja, usiangalie namba.

Haya, zenu zinawaambiaje? Na mliofiwa na mzazi, zile saa alizokuwa anawapigia mlizijaza na nini? Andikeni, Wakesho amesema atasoma.