Matundu Mawili Yaliyoachwa Wazi

Kwato ikiguswa na chuma cha moto hutoa harufu ya nywele zilizoungua, ila nzito zaidi, na harufu hiyo hukaa kwenye nguo hata baada ya kufuliwa. Niliijua kiangazi kimoja hapa Isiolo, nikiwa na miaka kumi na mitatu, nyuma ya banda la bati la Fundi Godana kule Bulla Pesa. Mama alikuwa amefariki miezi michache kabla, baba alimtangulia zamani, nami nilikuwa nimeacha shule darasa la sita ili niwaangalie wadogo zangu wawili, Ewoi na Nakiru. Kitu cha maana tulichoachiwa kilikuwa mkokoteni na punda jike aliyeitwa Sukari. Kila asubuhi nilienda naye kisimani, tukajaza mitungi, kisha tukazunguka kwenye ploti za kupanga tukiuza maji. Chakula chetu chote kilipita mgongoni mwake.

Mwaka huo lami ilikuwa imefika mjini, na kando yake wajenzi waliacha kokoto zenye makali. Sukari alizoea mchanga. Kwato zake za mbele zilianza kusagika, ya kulia ikapata ufa uliopanda juu kama ufa wa chungu. Nilimfunga kipande cha tairi kwa kamba, kikakatika siku ya pili. Wakati huo baba mdogo alikuja kutoka Oldonyiro na mbuzi wa kuuza, akamtazama Sukari akichechemea. Hakuwa mtu mbaya. Alisema atarudi baada ya wiki tatu, na akikuta punda bado hawezi kazi, Ewoi ataondoka naye kwenda kuchunga, Nakiru atapelekwa kwa shangazi, nami nitatafutiwa kazi kwenye nyumba ya mtu. "Esinyen, wewe mwenyewe ni mtoto," aliniambia. "Hawa utawalisha nini?" Niliendelea kupanga mitungi kana kwamba sikusikia.

Jirani ndiye aliyenielekeza kwa Fundi Godana. Watu walimjua kwa kutengeneza majembe na mageti, lakini ujana wake aliutumia kwenye shamba moja la mifugo upande wa mlimani, ambako kazi yake ilikuwa kuvisha farasi viatu. Nilipofika na Sukari alikuwa amekaa juu ya gurudumu la lori akinywa chai. Nilimsalimu, akaitikia, kisha akamtazama punda badala ya kunitazama mimi. "Huyu anaenda lami bila viatu," alisema. "Na wewe, intala, umevaa akala za tairi." Intala ni msichana kwa Kiborana, na hakuwahi kuniita kwa jina lingine. Aliingia bandani akatoka na gunia lililolia kwa chuma. Ndani yake mlikuwa na viatu vya farasi vilivyotengenezwa kiwandani, vipya, vyeusi, vikifanana kama mayai ya kuku mmoja ila kwa ukubwa.

Alinipa kimoja nikishike. Nilidhani ni chuma kilichokunjwa tu, kikatobolewa popote. Alicheka akanikalisha karibu naye, akanifundisha kukitazama. Upande wa chini palikuwa na mfereji mwembamba, na ndani ya mfereji matundu manane, manne kila upande. Hayakuwa ya duara. Yalikuwa na pembe nne, mapana juu na membamba chini, ili kichwa cha msumari kikae ndani kama mguu ndani ya kiatu, kisilegee wala kutokeza. Halafu aliingiza msumari katika kila tundu, mmoja baada ya mwingine, akaniambia niangalie inavyosimama. Ile ya mbele ililala, ncha zikielekea ndani. Ile ya nyuma ilisimama karibu wima. Matundu ya mbele yalikaa mbali kidogo na ukingo, ya nyuma yakausogelea. Aliuinua mguu wa Sukari, akakwangua uchafu kwa kisu, akanionyesha sababu: ukuta wa kwato mbele ni mnene na umelala, nyuma ni mwembamba na umesimama. Kati ya ukuta na sehemu ya ndani palikuwa na mstari mweupe, mwembamba kama uzi. Nje ya uzi huo punda hasikii kitu. Ndani yake kuna nyama iliyo hai.

Nilikaa na kile chuma mapajani nikahisi nywele za mikono zimesimama. Mtu fulani, katika nchi nisiyoijua, alikuwa ameutia mguu mzima wa mnyama ndani ya matundu manane, na hakuwahi kumwona mnyama huyo. Nilikuwa nimelala na kuamka na Sukari miaka yote, na sikujua chochote kuhusu kwato yake.

Hata hivyo kiwanda kilifikiria farasi. Kwato ya punda ni nyembamba na imesimama zaidi, kwa hiyo Godana alichoma viatu viwili vidogo kuliko vyote, akavibana kwa nyundo, akaziba matundu ya mbele na kutoboa mengine kwa panchi, chuma chenye ncha cha kutobolea, akipima kila moja kwa jicho dhidi ya ule mstari mweupe. Alipogongelea misumari aliniambia nifunge macho nisikilize. Ndani ya kwato ngumu kila pigo lililia juu zaidi ya lililotangulia. "Ukisikia sauti imezama, simama hapo hapo," alisema. "Umeingia kwa mwenyewe, kwenye nyama." Kila kiatu kilipata misumari sita. Matundu mawili ya nyuma aliyaacha wazi, akaniambia nirudi nyumbani.

Hayo matundu mawili yalininyima raha. Mimi ndiye niliyekuwa nikishona akala za wadogo zangu, na kwenye akala kila tundu lina msumari wake. Ukiacha moja, kamba hung'oka njiani. Niliona Godana amesahau, au amefanya kazi ya haraka kwa kuwa sisi ni yatima. Asubuhi ya pili nilichukua misumari miwili niliyookota bandani kwake, nikamwambia Ewoi ashike kichwa cha Sukari, nikagongelea kwa jiwe kwenye kiatu cha kulia. Msumari wa kwanza ulilia. Wa pili ulilia mara mbili, kisha sauti ikazama. Niliisikia vizuri kabisa. Nikapiga tena, kwa sababu msumari ulikuwa bado haujaisha.

Sukari hakukanyaga chini mguu ule siku nzima. Zilikuwa zimebaki siku sita baba mdogo arudi. Nilitembea hadi kwa Godana nikijiambia nitasema msumari umejiingia wenyewe, lakini nilipofika nilisema ukweli wote kwa pumzi moja. Alichukua koleo akanifuata. Aliing'oa ile misumari, na wa pili ulitoka na damu. Aliniwekea ncha yake mbele ya macho: upande mmoja bapa, upande mwingine umechongwa, na nilikuwa nimeugeuza, hivyo badala ya kupinda kwenda nje ulipinda kwenda ndani. "Na huku nyuma," alisema, akigusa matundu yaliyo wazi, "kwato hufunguka kila punda akikanyaga. Ukipigilia pote, umeufunga mguu usipumue. Mimi sikusahau, intala." Aliniachia chumvi ya kulowekea mguu katika maji ya moto, na amri kwamba Sukari asivute kitu kwa wiki moja.

Wiki moja ilikuwa ndefu kuliko siku tulizokuwa nazo. Ningeweza kumfunga kwenye mkokoteni siku ile ya mwisho ili aonekane anafanya kazi. Niliwaza hivyo, sitadanganya. Badala yake nilijifunga mimi, wadogo zangu wakasukuma nyuma, tukawa tunabeba mitungi sita badala ya kumi na sita. Baba mdogo alitukuta hivyo hivyo njiani. Aliweka fimbo yake juu ya mitungi akasukuma pamoja nasi mpaka nyumbani, ambako Ewoi alikuwa amefunga nguo zake kwenye shuka tangu asubuhi na kuziweka mlangoni.

Aliuinua mguu wa Sukari yeye mwenyewe. "Misumari miwili nani amekula?" aliuliza. Nilimweleza yote, mstari mweupe, matundu yanayolala na yanayosimama, na kosa langu. Alikuwa amechunga tangu utotoni, na kidole chake kilipita juu ya kila kichwa cha msumari polepole, kama mtu anayesoma. Kisha akaniambia nimtembeze Sukari kwenye lami. Alitembea sawa, chuma kikilia tak, tak.

"Na huyo wa kiwandani hakumjua punda wetu?" aliuliza.

"Hakumjua."

Alimgeukia ndugu yangu. "Ewoi," alisema, "rudisha shuka ndani."

Siku hizi maji huletwa Bulla Pesa kwa tuktuk na kwa mabomba, na vijana wanaoendesha tuktuk hizo hubadilisha tairi kwa nusu saa bila kuhitaji kumjua yeyote. Sioni ubaya. Mgongo wangu unakumbuka ile mitungi. Lakini tangu kile kiatu cha chuma sijawahi tena kushika kitu kilichonifanya niogope namna ile uwezo wa binadamu wa kufikiria, na udogo wa nilichokuwa nakijua. Ewoi alioa akahamia Merti. Nakiru alimaliza shule, jambo ambalo mimi sikuweza, akaajiriwa mbali. Waliondoka nyumbani kwa mama kila mmoja kwa wakati wake, wakiwa watu wazima, na mimi nikiwa mlangoni kuwaaga.