Muhonja na Samaki Waliokataliwa na Nzi

Muhonja aliuza samaki soko la Khayega miaka kumi na minne. Mimi nilikuwa meza ya pili na nyanya zangu, kwa hivyo haya sikuhadithiwa na mtu.

Zamani alikuwa akirudi kutoka Kisumu na beseni la kuvunja shingo. Kufikia mwaka wa tisini na tisa beseni halikujaa hata nusu. Magugu yalikuwa yamefunika maji ya ziwa, na Were, mvuvi wake wa siku zote, alikuwa amechomewa nyavu na maafisa kwa sababu matundu yalikuwa madogo. Halafu zikaja habari za wavuvi wanaomwaga dawa ya wadudu ziwani ili samaki waelee wenyewe. Sisi wa Khayega tukapata kipimo chetu: samaki wa sumu, nzi hamgusi. Kabla ya kununua, unaangalia nzi kwanza.

Basi bwana afya wa soko, tuliyemwita daktari, naye akachagua wiki hiyohiyo kutangaza kwamba akiona nzi mmoja juu ya samaki, meza inaondoka. Muhonja alikuwa mtu wa kutii. Akakata pazia lake la sebuleni, akafunika samaki wake wa ngege, akapangusa miguu na kingo za meza kwa mafuta ya taa. Nzi wakahama.

"Mama, umejimaliza," nikamwambia.

Akanijibu kwamba mimi nimezoea uchafu. Haya.

Wa kwanza kufika alikuwa Jescah, mke wa fundi wa nguo, mdomo kama wangu. Akainama, akachungulia chini ya pazia.

"Muhonja, nzi wako wapi?"

"Nimewafukuza. Ni amri ya daktari."

"Umewafukuza ama wamekataa?" Akageukia soko zima. "Kujeni muone! Samaki ishirini, nzi hata mmoja hakuna! Unatuuzia ile ya kuelea?"

Wanawake wakajaa. "Kula wewe kwanza!" "Na umeze!"

Nilimtazama Muhonja usoni, nikaogopa. Samaki hao hakuwapata kwa Were. Alikuwa amewanunua alfajiri kwa mtu asiyemjua, na hakuuliza walivuliwaje. Na mwanamke akishaitwa muuza sumu Khayega, hata chumvi yake haitanunuliwa.

Akafunua pazia. Akawabeba samaki mpaka kwenye rundo la nyanya zangu zilizooza, mbali na mafuta ya taa, akawapanga juu ya jani la mgomba. Tukasimama kungoja nzi. Watu wazima na akili zetu.

Mmoja akaja, akazunguka, akaenda zake.

Muhonja alikuwa akifunga fundo kwenye ncha ya leso, anafungua, anafunga.

Wa pili akaja. Akatua kwenye jicho la samaki, akasugua mikono yake. Kisha wa tatu, kisha wakawa wengi.

"Nichagulie wanne wakubwa," Jescah akasema, kana kwamba si yeye.

Hapo mtu akapiga kelele kutoka upande wa bucha: "Daktari anakuja!"

Sijawahi kuona samaki wakienda mbio hivyo. Waliingia vikapuni, chini ya mboga za sukuma, mgongoni pamoja na mtoto, mmoja ndani ya nyanya zangu. Bwana afya alikuta meza tupu, pazia safi, hakuna nzi.

"Hivi ndivyo ninavyotaka," akasema. "Wengine muige."

Wiki iliyofuata Muhonja alikuja na ndizi. Nikamuuliza, wateja wamerudi, mbona ameacha samaki?

"Yule nzi wa kwanza alipokataa kutua," akasema, "nilikuwa nimeshapanga uongo wa kuwaambia. Ningeuza tu, dada. Ningewauzia."

Nikamsogezea gunia akae. Ndizi zake, kwa jinsi anavyoziivisha, nzi hawakosi.