Ukingo wa Ngazi wa Josie Tallon

Nyumba tuliyokaa na Josie Tallon, mtaa wa Kilbride, Dublin, ilijengwa kwa ajili ya mabwana. Mabwana waliondoka zamani, na siku zetu kila chumba kilikuwa na familia yake. Ilishikana na nyumba jirani ukuta kwa ukuta, matofali mekundu, madirisha marefu chini na mafupi juu.

Josie, mumewe Christy na mtoto wao Nuala walipata sebule ya ghorofa ya kwanza. Tuliwaonea kijicho kwa dari lile la nakshi za chokaa na meko ya marumaru. Kumbe chumba kilikuwa adhabu. Dari lilikuwa juu mno. Joto lote lilipanda huko, chini watu wakitetemeka.

Baridi ya mwaka mmoja Nuala, bado mchanga, alibanwa kifua, na makaa yakawa yamekwisha. Josie akaenda ngazini na shoka.

"Josie, unafanya nini?" Christy akamuuliza.

"Nawashukuru mabwana. Wametuwekea kuni mpaka juu kabisa!"

Christy akacheka, akamshikia taa. Kijiti kwa kijiti, ukingo wa ngazi, ule wa mbao wa kushikilia watu wakipanda, ukaingia mekoni. Hakuna aliyewalaumu, wengine walikuwa wameshachoma milango. Mtoto akapona.

Majira ya kuchipua, Christy alikuwa akipandisha ndoo ya maji kutoka bomba la uani. Kioo cha nusu duara juu ya mlango mkubwa kilikuwa kimezibwa kwa mbao, ngazi giza mchana kutwa. Mguu ukateleza, mkono ukatafuta pa kushika. Tulisikia ndoo kwanza. Alikata roho palepale ukumbini, juu ya sakafu ya mawe.

Josie hakulia mbele yetu. Alifua nguo za watu, akamlea mwanawe. Miaka ikapita, mpaka siku aliyogombana na Bi Gaffney wa vyumba vya chini kuhusu kamba ya kuanikia.

"Nenda zako!" Bi Gaffney akafoka. "Chungu chako kilichemka kwa roho ya mumeo!"

Nuala alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama, ana maana gani?"

Josie akajifuta mikono kwenye aproni. "Nilichoma ukingo wa ngazi, mwanangu. Ulikuwa hupumui vizuri. Baba yako akaanguka pale."

"Kwa hiyo ni mimi?"

"Ni baridi. Na mimi. Wewe hukuwa na hata meno."

Bi Gaffney akaanua shuka zake, akamwachia Josie kamba yote.

Tangu hapo Nuala hakukaa tena karibu na moto. Hata theluji ianguke, alijikunyata dirishani, na mama yake akachoka kumbembeleza. Alipokua alivuka bahari kwenda Liverpool, Uingereza, kufanya kazi za ndani. Josie akabaki sebuleni peke yake, akifua na kukohoa. Tulimwita Nuala tulipoona hali imekuwa mbaya. Alifika siku moja baada ya maziko ya mama yake.