Haguswi Aliyepigwa na Radi

Nilipokuwa mtoto, kwetu Ileje mtu aliyepigwa na radi haguswi. Nasema haguswi kweli, hata awe mwanao wa kumzaa. Watu walisema ukimshika kabla mganga hajamnyunyizia dawa, radi inarudi kumaliza kazi, na safari hiyo inakuchukua na wewe. Tuliambiwa pia kwamba radi ina mwenyewe anayeituma, na kwamba inapenda nguo nyekundu. Hayo tuliyajua kabla ya kujua kusoma, na Jumapili tulikwenda nayo kanisani bila wasiwasi wowote.

Huyo mwenyewe wa radi pale kijijini tulikuwa naye: Babu Ambakisye. Alifanya kazi miaka mingi kwenye migodi ya shaba Zambia, akarudi peke yake na ufundi wa redio. Juu ya paa lake alisimamisha mti mrefu wenye waya ili anase stesheni za mbali. Basi, imetosha! Wakasema waya ule ndio anaofungia radi yake. Ukimsalimia anaitikia "Eya mukwai" kama Wabemba, na hilo nalo likaingia kwenye mashtaka.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya Januari, mchana. Tulikuwa tunapalilia mahindi juu ya kilima, mama, dada yangu Atupele wa miaka kumi na mitatu, na mimi niliyekuwa na kumi. Baba mdogo alikuwa shamba la jirani na wanaume wawili. Mawingu yakatokea upande wa Malawi, meusi, yananguruma.

"Atu!" mama akapiga kelele. "Vua hilo sweta!"

Sweta la shule lilikuwa jekundu. Atu akalivua, akalitupa mbali kwenye matuta, akabaki na kigauni chepesi, meno yanagongana kwa baridi. Kisha akakimbilia chini ya mkaratusi, mti mrefu kuliko yote kilele kizima, akauegemea. Hakuna aliyemkataza. Mpaka leo nikikumbuka nashikwa na hasira: tuliogopa sweta, mti hatukuuogopa!

Mama na mimi tulikuwa bado tunakusanya majembe. Nikaona weupe tu, kisha mlio ulionitupa chini. Nilipoinua kichwa, mkaratusi ulikuwa umepasuka kutoka juu hadi chini, na Atu amelala chali, mdomo wazi, nywele zinanuka kuungua.

Mama alichomoka mbio. Baba mdogo na wenzake walikuwa wameshafika mbio, akamdaka kiunoni.

"Shemeji, usimguse! Inarudi! Tutakufa wote!"

"Niache! Mwanangu!"

Mama alimng'ata mkono mpaka damu ikatoka. Baba mdogo hakumwachia. Mwanamume mmoja akamshika miguu, mwingine akatimua mbio kumfuata mganga, mwendo wa saa nzima kwa mguu. Mimi nilisimama kwenye mvua, macho kwenye kifua cha dada yangu. Hakikupanda wala kushuka. Alikuwa anakufa mbele yetu, hatua kumi tu, na sisi tunasubiri dawa.

Babu Ambakisye alitokea shambani kwake bondeni, anapanda kilima huku anahema. Hakusalimia mtu. Alipiga magoti, akampulizia Atu pumzi mdomoni, akaweka viganja viwili kifuani na kuanza kukandamiza kwa nguvu, akihesabu kwa sauti. Mgodini walifundishwa hivyo, lakini nani pale alijua? Tulichoona ni mchawi anamponda mtoto wetu.

"Anamalizia!" baba mdogo akanguruma. Akamsukumia mama kwa mwenzake, akanyakua jembe, akamshushia mpini mgongoni.

Mzee alianguka kifudifudi. Akainuka, akarudisha mikono palepale.

"Niueni baadaye," alisema. "Niacheni kwanza."

Mpini ukashuka tena, begani, na nikasikia mfupa ukivunjika. Mkono mmoja ukalegea. Akaendelea kukandamiza kwa mkono uliobaki, anahesabu na kulia.

Hapo ndipo nilipookota jiwe. Nilikuwa na shabaha, ndege wa kwenye ulezi walinijua. Lilimpata mzee jichoni. Damu ikamchuruzika mpaka kwenye kigauni cha Atu, na safari hii aliachia. Wakamburuta kwa miguu kuteremka kilima, mateke juu ya mateke, wakatokomea naye kwenye mahindi. Nilifurahi. Siwezi kusema uongo, nilifurahi sana.

Mama, ambaye sasa hakuna aliyemshika, alimwangukia Atu na kumwekea sikio puani. Atu akakohoa.

Jioni hadithi ilikuwa imeshakamilika: mchawi kapigwa, kairudisha roho ya mtoto. Wakaenda kuchoma nyumba yake, waya na vyote. Mwenyewe alikuwa ameshawaponyoka, wengine wakasema kafia porini, wengine kavuka mpaka. Baba mdogo alinichinjia jogoo. Nikala.

Miaka ikapita. Nikiwa sekondari, mwalimu alileta mto wa kulalia darasani akatuonyesha namna ya kumsaidia mtu aliyeacha kupumua. Viganja viwili, kifuani, kwa nguvu, unahesabu. Tangu siku hiyo sijawahi kusimulia habari ya jogoo. Na wanangu shambani, ngurumo ya kwanza tu, nawapigia kelele: majembe chini, teremkeni nyumbani, mtu asisogelee mti! Mwenye sweta jekundu abaki nalo, baridi ni kali.

Mwaka jana nilipeleka maharage Tunduma. Simu yangu ilikuwa haichaji, nikaelekezwa kwa fundi mmoja, mzee, amekaa kwenye benchi na vyuma vyake, bega moja limeshuka. Alipoinua uso nikaona jicho ni moja.

"Unatokea wapi, mwanangu?"

"Ileje, babu."

Akageuzageuza simu yangu. "Kuna binti alipigwa na radi huko, zamani kidogo. Walimzika wapi?"

Miaka yote hiyo mzee wa watu alikuwa anaamini kwamba alichelewa.

"Hakufa, babu. Ana watoto watatu. Ni dada yangu."

Aliweka bisibisi chini. Nilimwomba ile simu, ilikuwa imebaki na chaji kidogo, nikampigia Atu, nikamwambia ni nani yuko hapa, nikampa mzee. Nilisikia sauti ya dada yangu, "Shikamoo, babu," kisha kilio. Mzee alijaribu kuitikia marahaba ikamshinda. Machozi yalimtoka, hata upande ule usio na jicho.

Sikuweza kuvumilia. "Babu," nikasema, "lile jiwe lilikuwa langu."

"Najua," akajibu, bila kuondoa simu sikioni. "Mtoto ulikuwa wewe peke yako pale. Hebu nyamaza kwanza, namsikiliza dada yako."

Nikanyamaza. Hakunisamehe, na mimi sikuwa na haki ya kumdai. Nilikaa pembeni ya benchi lake mpaka chaji ikaisha.