Salamu Ambazo Mzee Kirimi Hakutuma

Hii nilikuwa nimeapa sitaisema, lakini kwa vile watu wa kwetu Ruring'u wanaisimulia vibaya, afadhali muisikie kwa mwenye aibu yake.

Mimi hutengeneza tovuti. Binamu yangu Wambui alipokuwa anaolewa na Mutuma wa Timau, kamati ya harusi ilinipa kazi moja tu: wageni waandike salamu kwa simu zao, zitokee kwa skrini kubwa ndani ya hema, kila moja na jina la aliyetuma. Njoki, tunayefanya kazi naye, akanishauri nitumie freimwaki, yaani msingi wa programu ambao wajuzi wameshaujenga, wewe unaendelea kutoka hapo. Nikamwambia hiyo ni ya watu wavivu, mimi nitaandika kila kitu kwa mkono, mstari kwa mstari (na nikaandika, wiki tatu, nikijisifu hata kwa mama yangu, ambaye aliuliza kama sasa nimepata kazi).

Kosa lilikuwa dogo. Jina la mgeni nililiweka mahali pamoja tu, kwa hivyo akijiandikisha mwingine, jina lake linafuta la kwanza, na salamu za watu wote zinatoka kwa jina la huyo wa mwisho. Sikujua, kwa sababu nilikuwa nimeijaribu na mtu mmoja, na huyo mtu ni mimi.

Mwanzoni hakuna aliyeshtuka, maana "Mungu awabariki" ni ileile hata iandikwe na nani. Halafu Mzee Kirimi, babake Mutuma, akaandikishwa jina na binti yake, akatia simu mfukoni, akakaa mbele na kukunja mikono. Hakuna mwingine aliyejiandikisha baada yake.

"Mzee Kirimi: Chakula ni saa ngapi?"

"Mzee Kirimi: Huyo pasta akae chini."

Pasta aligeuka, akasoma, akafupisha mahubiri. Kisha ikaja hii:

"Mzee Kirimi: Wambui, bado nakupenda. Hata saa hii hujachelewa."

Mke wa mzee akavaa miwani, akasoma tena. "Baba Mutuma, hii ni nini?"

"Simu iko kwa mfuko," mzee akasema.

"Mzee Kirimi: Haiya! Nani ameandika hiyo?"

Wambui alikuwa analia, Mutuma anamwangalia babake. Nikazima skrini, nikashika maikrofoni, nikaeleza kwamba kosa ni langu, mzee hajaandika hata neno moja. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa huyo wa kupenda ni nani?"

"Sijui, mzee. Programu haikuweka jina lake."

"Na wewe ulikuwa umekaa wapi?"

"Pale nyuma, na laptopu."

"Hiyo laptopu inaweza kutuma?"

"Inaweza."

Akatikisa kichwa polepole, na watu wote wa Timau wakatikisa pamoja naye. Mutuma akawa wa kwanza kucheka, harusi ikaendelea. Njoki alinisaidia kukunja nyaya.

Siku hizi natumia freimwaki, na kitu hakitoki kwangu kabla watu kumi hawajakijaribu kwa wakati mmoja. Harusi za ukoo naenda mikono mitupu, bila laptopu. Mzee Kirimi nikikutana naye Nanyuki hunisalimu vizuri sana, ananishika bega, ananiambia nisijali, nitapata wangu.